Akaunti Hii ni ya Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuhakiki Umiliki wa Akaunti ya Mwombaji Mkopo

Maswali haya yanatoka pande mbili za meza: kwa maafisa mikopo wanaotakiwa kuamua kama fedha zitoke au zisitoke, na kwa waombaji wanaoambiwa mkopo umekwama "kwa sababu ya akaunti" bila maelezo zaidi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu ndiko makosa yanakofanyika. Mengine yanaisha kwa sentensi mbili.

Kuhakiki umiliki wa akaunti maana yake nini hasa?

Ndani ya swali hili kuna maswali matatu, na kila moja lina jibu lake.

La kwanza: akaunti hii ipo, na iko wazi? La pili: ni ya mtu huyu aliyeomba mkopo? La tatu: yeye ndiye anayeitumia, na kipato alichotuambia kinapitia humo kweli?

Karibu kila njia ya uhakiki utakayouziwa hujibu moja au mawili kati ya hayo. Hasara nyingi hutokea pale afisa anapopata jibu la swali la kwanza, akaona alama ya kijani kwenye kompyuta, akadhani amejibiwa yote matatu. Hata kanuni zenyewe zinatofautiana kwa kina. Nchini Marekani, kanuni ya ACH, mtandao wa kuhamisha fedha kati ya akaunti za benki, iliyoanza mwaka 2021 inamtaka anayekata fedha kupitia intaneti ahakikishe kwanza kwamba namba ya akaunti ni halali na inapokea miamala. Haimlazimishi kuthibitisha ni ya nani. Mkopeshaji anayeishia hapo ametimiza kanuni, lakini bado hajui anamkopesha nani.

Kitambulisho tumeshakihakiki. Akaunti ya nini tena?

Kwa sababu mwizi wa utambulisho anaweza kuwa na kitambulisho cha mtu mwingine, picha yake, tarehe yake ya kuzaliwa, hata barua ya mwajiri wake. Kitu kimoja hawezi kukiacha kwa mwenyewe: mahali fedha zitakapofikia. Lazima ziende kwenye akaunti ambayo yeye anaweza kuzitoa. Hapo ndipo karatasi zote nzuri zinapogongana na ukweli, ama kwa akaunti yenye jina lisilolingana, ama kwa akaunti iliyofunguliwa juzijuzi kwa jina la mwathirika.

Kuna sababu mbili nyingine zisizo na mambo ya wizi. Marejesho yatakatwa kwenye akaunti hiyo, na huwezi kupata idhini halali ya kukata kutoka kwa mtu asiye mwenye akaunti. Pia tathmini ya uwezo wa kulipa inasimama juu ya miamala ya akaunti hiyo. Kama si yake, umepima uwezo wa mtu mwingine.

Mwombaji ameleta stetimenti ya miezi sita. Haitoshi?

Inatosha kuanzia mazungumzo. Stetimenti ni maelezo yaliyopitia mikononi mwa mwombaji kabla ya kukufikia wewe, na siku hizi kubadilisha tarakimu kwenye faili la PDF si kazi ya fundi tena.

Anza na hesabu, maana ndiyo kinga rahisi kuliko zote na haihitaji programu ya gharama. Kila mstari wa stetimenti una salio, na kila salio lazima litokane na lililotangulia. Tuseme salio ni 412,600. Mstari unaofuata unaonyesha mshahara wa 350,000 umeingia. Salio jipya linapaswa kuwa 762,600. Ukikuta 562,600, jiulize: tofauti kati ya salio mbili ni 150,000, basi huenda mshahara halisi ulikuwa 150,000 na mtu akaukuza bila kugusa safu ya salio. Wanaoghushi hupenda kubadilisha kile wanachojua utakitazama, yaani mshahara, na kuacha kile wanachodhani hakisomwi. Wajanja zaidi hurekebisha na salio pia, lakini hapo wanalazimika kurekebisha mistari yote inayofuata, pamoja na jumla ya fedha zilizoingia na kutoka iliyoko mwishoni. Mara nyingi jumla ndiyo inayowasaliti.

Baada ya hesabu, tazama mwenendo. Mtu anayeishi kwa akaunti huacha alama za maisha: makato ya benki, manunuzi madogomadogo, bili, salio linaloshuka mwisho wa mwezi. Stetimenti yenye mshahara mnono na hakuna matumizi yoyote ila kutoa fedha zote siku ileile inaniambia kwamba maisha ya mtu huyu yako kwenye akaunti nyingine. Huenda ana sababu, lakini nitataka kuiona hiyo akaunti nyingine.

Omba faili asilia kama lilivyopakuliwa kutoka benki. Picha iliyopigwa kwa simu, au karatasi iliyochapwa kisha ikaskaniwa, hufuta taarifa za ndani ya faili zinazoonyesha lilitengenezwa na programu gani na lini. Faili la benki lililohifadhiwa upya na programu ya kuhariri picha lina maswali ya kujibu. Usikimbilie kuita polisi, hata hivyo. Kuna watu huunganisha kurasa au kuondoa nywila ya faili ili wakurahisishie kazi, na hilo pia huacha alama.

Na hata stetimenti isiyoguswa inaweza kuwa ya mtu mwingine. Kaka anaweza kukopa stetimenti ya kaka yake kama anavyokopa shati. Uhalisi wa karatasi na umiliki wa akaunti ni mambo mawili.

Je, kutuma kiasi kidogo cha fedha kwenye akaunti kunathibitisha nini?

Inategemea kinachorudi.

Kuna namna ambayo mkopeshaji hutuma viasi viwili vidogo visivyotabirika, kisha mwombaji hurudi kusema ni kiasi gani kilichoingia. Hii inathibitisha kwamba akaunti iko wazi na kwamba mwombaji anaweza kuona kinachoingia. Jina halihusiki kabisa. Kijana anayemsaidia mama yake kutumia programu ya benki kwenye simu atafaulu mtihani huu kwa asilimia mia moja kwenye akaunti ya mama.

Namna ya pili ni ile inayotumika sana India: fedha kidogo, aghalabu rupia moja, hutumwa, na mfumo wa malipo hurudisha jina la mwenye akaunti kama lilivyosajiliwa benki. Hapa unapata jina, lakini hujui kama mwombaji anaifikia akaunti hiyo. Ukiweza kuzitumia zote mbili, moja inaziba tundu la mwenzake.

Namna ya kwanza inaweza kuchukua siku moja mpaka tatu, kutegemea mfumo wa malipo. Usimwahidi mteja fedha jioni ileile.

Namba ya akaunti imekubaliwa na mfumo. Si ina maana ipo?

Hapana. Ina maana imeandikwa kwa mpangilio sahihi, basi.

Chukua IBAN, namba ya kimataifa ya akaunti inayoweza kufika herufi na tarakimu 34. Mbili za kwanza ni msimbo wa nchi, mbili zinazofuata ni tarakimu za ukaguzi. Kompyuta huzihamisha nne hizo kwenda mwisho, hugeuza herufi kuwa namba (A huwa 10, Z huwa 35), kisha hugawanya kwa 97. Baki likiwa 1, namba imekubaliwa. Hesabu hiyo hunasa tarakimu iliyokosewa na nyingi zilizobadilishana nafasi. Inafanyika bila kuiuliza benki yoyote, kwa hiyo haiwezi kujua kama akaunti ilifungwa mwaka jana, na mtu mwenye muda anaweza kubuni namba inayofaulu.

Benki inaweza kuniambia moja kwa moja kama akaunti ni ya fulani?

Katika nchi nyingi sasa, ndiyo, kwa kiasi fulani. Uingereza ilianza mwaka 2020 utaratibu ambao mtumaji huandika jina na namba ya akaunti, na benki ya mpokeaji hujibu: vinalingana, vinakaribiana, au havilingani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya zinazotumia yuro, benki zimelazimika kutoa huduma ya namna hiyo tangu tarehe 9 Oktoba 2025. Kwingineko mashirika ya taarifa za mikopo au mifumo ya taifa ya malipo hutoa jibu la aina hiyo.

Zingatia kwamba mifumo hii ilibuniwa kwanza kumlinda anayelipa, kusudi fedha zisiende kwa mtu asiyekusudiwa. Mkopeshaji anaiazima kwa kazi nyingine. Jibu lake ni kuhusu jina tu, na majina hugongana: mwombaji na mwenye akaunti wanaweza kuitwa sawasawa, herufi kwa herufi, na wakawa watu wawili. Pale ambapo mfumo unakubali kulinganisha pia namba ya kitambulisho au tarehe ya kuzaliwa, lipia hiyo huduma hata kama ni ghali kidogo. Jina likiungwa mkono na namba ya kitambulisho lina uzito ambao jina peke yake halina.

Kama hakuna mfumo wa namna hiyo, ipo njia ya zamani: barua ya benki yenye jina, namba ya akaunti na tarehe ya kufunguliwa. Ukiipokea, piga simu benki kuithibitisha, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Namba iliyochapwa juu ya barua ni sehemu ya kitu unachokihakiki. Benki nyingi hazitazungumzia akaunti ya mteja bila idhini yake ya maandishi, na wako sahihi, kwa hiyo pata idhini hiyo kwanza.

Jina la kwenye akaunti halilingani na la kwenye kitambulisho. Nimkatae?

Usimkatae. Uliza.

Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu hapa ndipo waombaji waaminifu wanapoumizwa zaidi, na wala haimsaidii mkopeshaji. Majina hayalingani kwa sababu nyingi za kawaida. Mtu ameolewa akabadili jina, kitambulisho kikabadilishwa, benki haikuambiwa. Karani aliandika Mohamed, kitambulisho kinasema Muhammad. Khadija amekuwa Hadija. Kitambulisho kina majina matatu, akaunti ina mawili, au la katikati limefupishwa kuwa herufi moja. Mfumo wa benki una nafasi ya herufi chache ukakata jina refu katikati. Jina la ukoo limetangulizwa mahali pamoja, limewekwa mwisho mahali pengine. Alama za juu za herufi zimeanguka njiani kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine.

Kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi itawakataa wote hao. Zile zinazopima ukaribu wa majina hufanya vizuri zaidi, lakini nyingi zilifunzwa kwa majina ya nchi zilikotengenezwa. Inaweza kujua kwamba Bill ni William na isijue kwamba Muhidini ni Muhyiddin. Kama unanunua programu, ijaribu kwa majina ya wateja wako halisi kabla ya kusaini mkataba, na umuulize muuzaji waziwazi inafanyaje majina yanapopishana mpangilio.

Kwa kazi ya kila siku, mimi hugawa tofauti katika mafungu. Ya kwanza ni tofauti ya tahajia, mpangilio au ufupisho: inatosha kuandika maelezo kwenye faili, ukiegemea kitu kingine kinacholingana, kama namba ya kitambulisho au namba ya simu iliyosajiliwa benki. Ya pili ni tofauti inayohitaji karatasi: cheti cha ndoa, kiapo cha kubadili jina, barua ya benki. Ya tatu ni pale ambapo ni mtu mwingine kabisa. Hapo hakuna maelezo ya mdomo yatakayotosha, hata yawe matamu kiasi gani, na dawa ni moja: mwombaji alete akaunti yake.

Jambo la kuchunga: usimtajie mwombaji jina lililorudi kutoka benki. Muulize, "Akaunti hii imesajiliwa kwa majina yapi, kamili?" Mwenye akaunti atajua. Ukimsomea jina, umemfundisha jibu, na kama akaunti si yake umetoa siri ya mtu wa tatu.

Kuna mkopeshaji anayetaka niunganishe akaunti yangu na programu yake. Ni salama?

Inaweza kuwa salama sana, au hatari sana, kutegemea unaingiza wapi nywila yako.

Njia salama hukupeleka kwenye ukurasa au programu ya benki yako mwenyewe. Unaingia huko, benki inakuuliza kama unakubali kampuni fulani isome akaunti ipi na kwa muda gani, kisha unarudishwa. Mkopeshaji hapati nywila. Katika Umoja wa Ulaya jambo hili lina sheria yake iliyoanza kutumika mwaka 2018, na kampuni inayosoma akaunti za watu lazima iwe na kibali. Kwa mkopeshaji hii ndiyo njia bora kuliko zote nilizotaja, kwa sababu miamala inatoka benki bila kupita mikononi mwa mtu, na aliyetoa idhini ameonyesha kwamba anaifikia akaunti.

Njia mbaya hukuomba jina la kuingilia na nywila ndani ya fomu ya mkopeshaji. Ukikubali, umempa mtu ufunguo unaofungua zaidi ya kusoma. Kwa namna yoyote ile, namba ya siri ya kadi, na ile namba ya siri ya mara moja inayoingia kwa ujumbe wa simu, hazihitajiki kuthibitisha umiliki. Anayezitaka anataka kutoa fedha.

Na upande wa mkopeshaji: mtu akikataa kuunganisha akaunti, hilo pekee si dalili ya udanganyifu. Mpe njia nyingine.

Akaunti ni ya pamoja, ya mume na mke. Nani mmiliki?

Wote wawili. Muhimu ni masharti ya kusaini. Ikiwa yeyote kati yao anaweza kutoa fedha peke yake, mwombaji anaweza kupokea mkopo humo na kwa kawaida kuidhinisha makato. Ikiwa lazima wasaini wote, idhini ya makato yenye saini moja ni karatasi tu.

Kwenye kupima kipato, usihesabu fedha zote zinazoingia kuwa za mwombaji. Chagua zile zinazotajwa kwa jina lake au zinazotoka kwa mwajiri wake. Nimeona maombi mawili kutoka nyumba moja, kwa wakopeshaji wawili, yote yakihesabu mishahara ileile miwili.

Na biashara je?

Hapa pana utata zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kama biashara ni ya mtu mmoja na haijasajiliwa kuwa kampuni, kisheria biashara na mtu ni kitu kimoja katika nchi nyingi, hata kama akaunti ina jina la duka. Tafuta hati ya usajili wa jina la biashara inayounganisha jina hilo na mwombaji, kwisha.

Kampuni ni mtu mwingine kisheria. Fedha zilizo kwenye akaunti ya kampuni si za mkurugenzi, hata akiwa na hisa zote. Mkurugenzi akiomba mkopo wake binafsi na kuleta stetimenti ya kampuni, ameleta akaunti ya mtu mwingine, na kipato chake ni kile kinachotoka kwenye kampuni kwenda kwake: mshahara au gawio. Ikiwa kampuni ndiyo inayokopa, akaunti iwe na jina la kampuni kama lilivyo kwenye usajili, upate azimio la bodi linalotaja nani ana mamlaka ya kukopa na kusaini, na ujue wamiliki halisi walio nyuma yake. Asilimia 25 ya hisa ndicho kiwango kinachotumika katika nchi nyingi kumtambua mmiliki wa namna hiyo, ingawa mtu anaweza kuitawala kampuni akiwa na chini ya hapo.

Watia saini si wamiliki. Mweka hazina wa kikundi ana saini benki, ana kitabu cha hundi, anaingia kwenye programu ya benki kila siku, na hana hata senti moja iliyo yake humo. Atafaulu mtihani wa viasi vidogo. Atafaulu pia kuunganisha akaunti kwa idhini. Jina la akaunti pekee ndilo litakaloonyesha tofauti, kwa hiyo lisome.

Mwombaji hana akaunti. Anaomba fedha ziende kwa ndugu yake.

Jibu langu ni hapana, na ninalisema bila kumshuku mwombaji. Mkopo ukienda kwa ndugu, siku ya mgogoro mwombaji atasema hakupokea chochote, na huenda anasema kweli. Miongozo ya mikopo ya kidijitali ya Benki Kuu ya India ya mwaka 2022 iliweka hili kuwa sharti: fedha za mkopo ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopaji, zisipite kwa mtu wa kati. Iliacha milango michache, mojawapo ikiwa ni mkopo wa matumizi maalumu unaolipwa kwa muuzaji wa kitu chenyewe.

Mlango huo una maana. Mkopo wa ada unaweza kulipwa shuleni, wa pikipiki kwa anayeiuza. Hapo unahakiki akaunti ya muuzaji kwa ukali uleule. Vinginevyo, kufungua akaunti ya kawaida ni jambo la muda mfupi mahali pengi. Msubiri afungue.

Dalili gani zinaonyesha akaunti ni ya kuazimwa?

Akaunti ina wiki chache tu tangu kufunguliwa, na mwombaji anadai amefanya kazi miaka minane. Akaunti ilikuwa imelala kwa muda mrefu, kisha ikaamka mwezi mmoja kabla ya maombi. Fedha zinaingia kutoka kwa mtu mmoja, zinatoka kesho yake kwenda kwa mtu huyohuyo, zinarudi tena wiki inayofuata zikiitwa "mauzo". Namba moja ya akaunti imetajwa kwenye maombi ya watu wawili au watatu wasiojuana.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ajabu ni kwamba wakopeshaji wengi hawaiangalii, ilhali taarifa wanazo ndani ya mfumo wao wenyewe. Tafuta kila namba mpya ya akaunti, ya simu na anwani ya barua pepe kwenye maombi yaliyopita, yakiwemo yaliyokataliwa. Kazi hiyo haigharimu kitu.

Dalili moja peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Mwajiri mpya huweza kumlazimisha mfanyakazi kufungua akaunti kwenye benki fulani, na hapo akaunti ya wiki tatu inaeleweka.

Mkopo umeidhinishwa, kisha mwombaji anatuma ujumbe kubadilisha akaunti. Tufanyeje?

Simamisha kila kitu na uanze uhakiki upya, kana kwamba akaunti ya kwanza haikuwahi kuwepo. Muda kati ya kuidhinisha na kutoa fedha ndio wanaouvizia matapeli, kwa sababu ukaguzi umekwisha na kila mtu anataka faili lifungwe. Ujumbe unaweza kutoka kwenye barua pepe ya mwombaji iliyodukuliwa, ukiwa na lugha ileile anayoitumia. Mpigie simu kwa namba aliyoijaza mwanzoni. Usitumie ile iliyokuja na ujumbe mpya.

Na kama mdanganyifu ni mtu wa ndani?

Basi uhakiki wote ulioelezwa hapo juu ni bure, kwa kuwa yeye ndiye anayeandika kwamba umefanyika. Anayepokea maombi asiwe ndiye anayeingiza namba ya akaunti ya kulipia, na anayeingiza asiwe ndiye anayeachia fedha. Badiliko lolote la namba ya akaunti liache jina, saa na sababu kwenye mfumo. Linganisha pia akaunti za malipo ya mikopo na akaunti za mishahara ya wafanyakazi. Ofisi ndogo ya watu wawili haiwezi kugawanya kazi hivyo. Basi mmiliki mwenyewe atazame orodha ya malipo kabla hayajatoka.

Mimi ni mwombaji. Nimeambiwa nitume kwanza "ada ya kuhakiki akaunti". Nilipe?

Usilipe. Katika uhakiki wa kweli, kwa kawaida mkopeshaji ndiye anayekutumia wewe fedha. Ipo mifumo ambayo wewe hutuma kiasi kidogo sana kupitia programu ya benki yako na kikarudishwa, lakini hicho hakiitwi ada, na hakiongezeki kila ukiuliza mkopo umefikia wapi. Anayetaka fedha kabla ya kutoa fedha hana mkopo wa kukupa.

Tuhifadhi nini kwenye faili?

Njia iliyotumika, tarehe, jibu lililopatikana, na jina la afisa aliyeamua. Kama kulikuwa na tofauti ya jina, andika ilitatuliwa kwa ushahidi gani. "Mteja ameeleza" si ushahidi.

Stetimenti ni jambo jingine. Inaonyesha hospitali anayotibiwa mtu, nyumba ya ibada anayochangia, ndugu anaowatumia fedha. Uliiomba kupima mkopo, itumie kwa hilo tu, na isiwe inazunguka kwenye makundi ya ujumbe ya ofisi. Maombi yaliyokataliwa nayo yana stetimenti: weka muda wa kuzifuta, na uufuate, isipokuwa sheria inakutaka uzitunze zaidi.

Uhakiki ukishafanyika, unadumu kwa muda gani?

Mpaka kitu kibadilike, au mpaka mteja aombe mkopo mwingine. Akaunti hufungwa, hugandishwa, hubadilishwa masharti ya kusaini. Mwenye akaunti anaweza kufariki. Kwa mteja anayerudi na akaunti ileile ambayo marejesho yake yalikuwa yakikatwa bila tatizo mpaka mwezi uliopita, kuangalia kwamba iko wazi na jina halijabadilika kunatosha. Aliyemaliza mkopo wake miaka miwili iliyopita ahakikiwe kama mgeni.